Chuna ya Korea: mfupa haurudishwi mahali pake, sasa mgonjwa analipia nini?

#1 Pingili_ya_Tano
Habari wadau. Nyuzi za watu walioko Korea Kusini wanaouliza kama waende "kunyooshwa mgongo" zimekuwa nyingi humu. Karibu wote wameambiwa maneno yaleyale: nyonga imepinda, pingili imetoka, tunairudisha.

Hoja yangu: hakuna kinachorudishwa. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 10 wenye maumivu ya kile kiungo kinachoshika nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Walipigwa picha za eksirei za vipimo vya kina kabla na baada ya kunyooshwa. Mikono ya wapimaji ilisema kiungo sasa kimekaa sawa. Picha zikasema hakijahama. Mnipinge.

#2 NyongaMbili
Mleta mada umeanzia darini. Wengi hawajui hata nyumba yenyewe. Ngoja niweke msingi.

Chuna ni tiba ya mikono inayofanywa na hanuisa, yaani daktari wa tiba ya Kikorea. Huyu si mganga wa mtaani. Anasoma chuo kikuu miaka 6, anafanya mtihani wa taifa, ana leseni ya serikali. Korea ina madaktari wa aina mbili kisheria, uisa (hawa wa kawaida tunaowajua) na hanuisa, na kila mmoja ana mipaka yake. Jina lina silabi mbili: chu ni kusukuma, na ni kushika.

Bima ya taifa imeigawa ngazi tatu, na mgonjwa azishike kichwani:
- Nyepesi: kukanda misuli na utando wake, kuvuta kiungo, kukichezesha taratibu ndani ya mwendo wake wa kawaida. Hakuna kishindo.
- Changamani: ile yenye msukumo mfupi wa ghafla mwishoni mwa mwendo wa kiungo. Hii ndiyo inayolia.
- Maalumu: kurudisha kiungo kilichoteguka.

Kwa hiyo mkuu, ngazi ya tatu kuna kinachorudishwa kabisa. Taya au bega likichomoka, linarudi. Hoja yako inahusu ngazi ya pili tu.

#3 Pingili_ya_Tano
#2 nakubali, nimesahihishwa. Bega lililochomoka ni suala lingine.

#4 Bint_Kilwa
Tuongee hela basi, maana ndiyo inayoulizwa.

Chuna iliingia bima ya taifa tarehe 8 Aprili 2019. Kabla ya hapo kila zahanati ilijipangia bei. Siku hizi mgonjwa analipa nusu, lakini ile changamani kwa maumivu yasiyo ya diski (gegedu la kati ya pingili) wala kubanwa kwa mfereji wa uti wa mgongo analipa asilimia 80. Bei zilipotangazwa mwaka ule, mchango wa mgonjwa ulikuwa kati ya won 10,000 na 30,000 kwa mara moja.

Mipaka: mgonjwa mmoja mara 20 kwa mwaka, daktari mmoja wagonjwa 18 kwa siku. Na lazima awe amemaliza mafunzo maalumu ya Chuna ndipo adai bima. Sio kila hanuisa anaruhusiwa kuidai.

Wageni: ukikaa zaidi ya miezi 6 bima ni lazima tangu Julai 2019, na wanafunzi waliingizwa Machi 2021. Wanafunzi wetu wengi wanakatwa kila mwezi na hawajui kwamba hii imo.

#5 KasukuMzee
Kwa hiyo ni masaji yenye risiti 😂

#6 NyongaMbili
#5 hapana mzee, na Korea utani huo una kesi mahakamani. Leseni ya masaji kule (anma) ni ya watu wenye ulemavu wa macho pekee. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba iliifuta kanuni hiyo, Bunge likairudisha kwa sheria mwaka huohuo, na 2008 mahakama ikaikubali.

Maana yake kwa mgonjwa: vibao unavyoviona mtaani vya "masaji ya michezo", "gyeongrak" kwenye saluni za urembo, hata "chiropraktiki" (kunyoosha mgongo kwa mtindo wa Marekani), vingi haviko chini ya leseni yoyote ya tiba. Ukiumizwa kule hakuna jalada la matibabu, na risiti yake bima haiitambui. Tafuta kibao chenye neno hanuiwon (zahanati) au hanbang byeongwon (hospitali).

#7 Seoul_Usiku
Halafu kuna dosu chiryo. Hiyo ni tiba ya mikono kwenye zahanati za madaktari wa kawaida. Ni Chuna ileile, jina tu.

#8 Bint_Kilwa
#7 mikono inaweza kufanana, mfumo haufanani. Dosu hufanywa na mtaalamu wa fiziotherapi kwa maelekezo ya uisa. Kwa miaka mingi imekuwa nje ya bima ya taifa, kila zahanati na bei yake, na kuvuka won 100,000 kwa mara moja si ajabu. Chuna hanuisa anaifanya kwa mikono yake mwenyewe. Akikuachia msaidizi akunyooshe, hapo pana tatizo. Uliza kabla hujalala.

#9 mwalimu_Tumbe
Tusidharau tiba yenye miaka elfu tano. Wahenga wa Korea walikuwa wananyoosha migongo kabla Ulaya haijajua mgongo una pingili ngapi.

#10 Kitabu_na_Kalamu
#9 mwalimu, punguza sifuri. Kitabu kikuu cha tiba ya Korea, Donguibogam cha Heo Jun, kilikamilika 1610 na kuchapwa 1613. Kinachozungumzwa sana humo ni mazoezi ya mtu mwenyewe, kujinyoosha na kupumua. Jina Chuna lenyewe ni herufi zilezile za tuina, tiba ya mikono ya China. Hii inayofanywa leo ilipangwa upya na chama cha Chuna kilichoundwa 1991, na imechukua mengi kutoka tuina, na mengine kutoka osteopathi na chiropraktiki za Marekani. Vitanda vyenyewe ni vya chiropraktiki. Kwamba mizizi ni ya kale, sawa. Kwamba mkono utakaokugusa kesho ni wa kale, hapana.

#11 mwalimu_Tumbe
Sifuri nimepunguza moja. Nyingine nabaki nayo.

#12 NyongaMbili
Kwa wanaokwenda mara ya kwanza, mambo huwa hivi.

Unaulizwa historia, halafu unasimama: mabega yako sawa, kichwa kimeegemea wapi. Unainama mbele, nyuma, pembeni. Ukilala chali anakuinulia mguu mmoja ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu sana, anashuku diski. Hapo pia anatakiwa apime nguvu ya kidole gumba cha mguu, hisia za ngozi na nyundo ya goti na kisigino. Asipopima haya na wewe una ganzi ya mguu, usikubali msukumo siku hiyo.

Kisha unalala kifudifudi analinganisha urefu wa miguu. Hiki ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote. Ukilala umejikunja kidogo tu, miguu inatofautiana. Toa pochi na simu mfukoni, vaa nguo laini. Jinzi inashika nyonga na inampa daktari "ugonjwa" wa sentimita moja.

Tiba yenyewe ni dakika 10 hadi 20. Kiuno: unalala ubavu, goti la juu limekunjwa, bega linasukumwa nyuma, nyonga inaletwa mbele, anasubiri utoe pumzi, halafu msukumo mfupi. Kitanda cha kuanguka: sehemu ya kitanda inainuliwa kidogo, anaposukuma inashuka na kugonga. Ule mlio wa "tang" ni chuma cha kitanda, msishike mgongo mkadhani umevunjika. Kitanda cha kukunjika katikati: miguu inashushwa na kupandishwa polepole kama pampu, hiki ndicho hutumika sana kwa diski.

Kabla na baada hupachikwa mengine: chim (sindano), buhang (vikombe, watu wa pwani mtaita hijama, na mara nyingi ni kavu isiyotoa damu), moto wa tteum (majani makavu yanayochomwa juu ya ngozi), mfuko wa maji ya moto.

#13 Seoul_Usiku
Maneno ya kubeba, maana daktari wengi Kiingereza ni cha kubahatisha:
- "Him ppaeseyo" = legeza mwili. Atakwambia yeye, mara kumi.
- "Sum naeswiseyo" = toa pumzi. Ukisikia hii, msukumo umefika.
- "Apayo" = inauma.
- "Jeoryeoyo" = kunakufa ganzi, kunawasha kama sisimizi.
- "Eojireowoyo" = nasikia kizunguzungu.
- "Geumanhae juseyo" = acha tafadhali.

Mbili za mwisho zijueni kama mnavyojua majina yenu. Kukaza mwili ndiko kunakoumiza: misuli inapigana na mkono, daktari anaongeza nguvu, mbavu ndiyo inayolipa.

#14 Pingili_ya_Tano
Turudi kwenye hoja. Ule mlio wa kiungo chenyewe si mfupa unaoingia mahali. Viungo vina ute. Ukivitenganisha ghafla, shinikizo linashuka na uwazi wa gesi unatokea ndani ya ute. Timu ya Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, ilionyesha hili kwa MRI (picha za sumaku) ya kiungo cha kidole mwaka 2015. Ndiyo maana kiungo kilekile hakilii tena mpaka zipite kama dakika 20. Mfupa "uliorudi" usingekuwa na muda wa kusubiri.

#15 Kitabu_na_Kalamu
Nadharia ya zamani, tangu 1971, ilisema mlio ni kupasuka kwa kiputo, sio kuundwa kwake. Na baada ya 2015 wapo waliotetea ile ya zamani kwa hesabu. Mada haijafungwa. Ila pande zote mbili zinakubali kwamba mlio si kipimo cha tiba.

#16 fundi_wa_neva
Mimi sioni kama mfupa wala gesi ndiyo jibu. Msukumo wa ghafla unavuta vihisio vya misuli midogo inayoshika pingili. Vinapeleka taarifa nyingi kwenye uti wa mgongo kwa mpigo, misuli inaachia mkazo, na mlango wa maumivu unabanwa kwa muda. Kwa muda, nasisitiza. Ndiyo maana mtu anashuka kitandani anageuza shingo kama bundi, kesho yake imerudi ilivyokuwa.

#17 mwalimu_Tumbe
Na kile kitanda cha kukunjika? Kule hakuna ghafla yoyote, polepole tu, na watu wa diski wanapata nafuu. Kinavuta, nafasi inaongezeka, neva inapumua. Elezeni hiyo kwa vihisio vyenu.

#18 Bint_Kilwa
#17 diski nyingi zilizotoka hupungua zenyewe ndani ya miezi. Mwili unazila. Mtu akianza tiba wiki ya tatu maumivu yakiwa kileleni, wiki ya nane atapata nafuu hata angekuwa anapakwa mafuta ya nazi. Yeyote aliyekuwa amemshika wakati huo atapewa sifa.

Kwa hiyo tumia kalenda, si imani. Kabla ya mara ya kwanza andika vitu vitatu: maumivu 0 mpaka 10, unakaa dakika ngapi kabla hujasimama, unaamka mara ngapi usiku. Rudia baada ya mara ya 4 na ya 6. Kama hakuna kilichosogea, hiyo mikono si dawa yako, hata kama zimebaki mara 14 za bima. Na anayekuuzia ratiba ya mara 20 siku ya kwanza amesoma kikomo cha bima, hajasoma mgongo wako.

#19 fundi_wa_neva
#18 kwa diski sawa. Shingo sugu je? Kuna uchunguzi wa Korea wa 2021, wagonjwa 108 wenye maumivu sugu ya shingo, wiki 5, Chuna dhidi ya tiba ya kawaida ya umeme na vidonge. Waliopata Chuna walipungukiwa maumivu zaidi. Maumivu sugu hayajifii yenyewe wiki ya nane.

#20 Pingili_ya_Tano
Wagonjwa hao walijua wamepewa nini. Huwezi kumficha mtu kwamba ameshikwa shingo. Mmoja anakaa na daktari dakika nyingi, anaguswa, anaongeleshwa. Mwingine anafungwa waya za umeme na kuachwa. Unapima Chuna au unapima kuhudumiwa?

#21 fundi_wa_neva
Na kama kuhudumiwa ndiko kunakoponya, tatizo liko wapi?

#22 KasukuMzee
Tatizo ni asilimia 80.

#23 daktari_wa_zamu
Mnabishana kwa nini inasaidia, mmesahau inapoua. Someni hili polepole.

Asiguswe kwa msukumo mtu mwenye: mifupa laini (wazee, hasa akina mama waliokoma hedhi, na waliotumia steroidi muda mrefu), saratani iliyowahi kutibiwa kisha mgongo ukaanza kuuma, mvunjiko mpya, baridi yabisi ya rumatoidi, kwa sababu kano inayoshika pingili mbili za juu za shingo huwa imelegea, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda (warfarini, rivaroksabani na ndugu zake). Mjamzito halali kifudifudi na kano zake zimelegea, hivyo ngazi nyepesi tu, ubavuni.

Kwa watu wetu naongeza mawili ambayo daktari wa Seoul huenda asiyafikirie haraka. Kwanza TB ya uti wa mgongo: maumivu ya mgongo yasiyopumzika hata usiku, jasho, homa za jioni, kupungua uzito, wakati mwingine kinundu katikati ya mgongo. Pingili imeliwa, ukiisukuma inaporomoka juu ya uti. Pili selimundu: maumivu ya nyonga kwa mwenye selimundu yanaweza kuwa kichwa cha mfupa wa paja kinachokufa kwa kukosa damu. Kunyoosha hakukirudishii damu. Mwambieni daktari wazi, msingoje aulize.

Shingo: msukumo wenye kuzungusha unaweza kuchana ukuta wa mshipa unaopeleka damu nyuma ya ubongo. Ni nadra, lakini ni kiharusi. Ugumu ni huu: mshipa ulioanza kuchanika wenyewe huanza kama maumivu mapya makali ya shingo na kichwa, na mtu anakwenda kunyooshwa kwa ajili hiyohiyo. Maumivu ya shingo ambayo hujawahi kuyapata maishani, ya ghafla, upande mmoja, usikubali msukumo. Baada ya tiba ukiona viwiliviwili, ulimi mzito, kumeza shida, uso ganzi, kuyumba: piga 119 (namba ya dharura ya Korea), usirudi zahanati.

Kiuno: ganzi ya sehemu unayokalia, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hiyo ni dharura ya upasuaji, inahesabiwa kwa saa. Hakuna Chuna ya hapo.

#24 mwalimu_Tumbe
Ahsante daktari. Kuuma kidogo siku ya pili je?

#25 daktari_wa_zamu
Uchovu na maumivu ya misuli saa 24 mpaka 48 ni kawaida. Yakivuka hapo, au yakishuka kwenye mguu kuliko mwanzo, simamisha. Maumivu ya diski yanayopanda kutoka mguuni kurudi kiunoni ni dalili njema hata kiuno kikiuma zaidi. Yanayoshuka ni mbaya.

#26 Bint_Kilwa
Nyongeza kwenye #23. Zahanati nyingi ndogo za hanuisa hazina mashine za picha. Hospitali kubwa za hanbang huwa na uisa na MRI ndani. Kama umeshapigwa picha kwingine, omba CD ukaondoke nayo. Na baada ya ajali ya gari bima ya gari hulipia Chuna, kwa hiyo watu hukimbilia kunyooshwa siku ya pili. Picha kwanza. Shingo iliyopigwa kwa nyuma haisukumwi kwa kubahatisha.

Pia uliza kabla hujachomwa kama sindano wanayokuchoma ni ya sumu ya nyuki (bongyakchim). Inaweza kuleta mzio mkali wa kuua. Lazima kipimo cha ngozi kwanza, na usiondoke haraka baada yake.

#27 Asha_wa_Busan
Shukrani kwa uzi. Mama anakuja kunitembelea, miaka 68, anachomwa sindano ya mifupa kila miezi sita, mgongo unamsumbua. Nimpeleke?

#28 NyongaMbili
Sindano hiyo inaonyesha mifupa yake imeshapungua. Changamani hapana, kitanda cha kuanguka hapana. Mgeni wa muda mfupi pia hana bima ya taifa, atalipa bei kamili. Kukanda, joto, kuvuta kwa upole sawa, baada ya picha ya mgongo. Kwa umri wake pingili inaweza kupasuka kwa kuinua ndoo tu na yeye akadhani ni uchovu.

#29 KasukuMzee
Dada mpeleke jjimjilbang (nyumba ya kuoga na kujipasha joto), akakae sakafu ya moto. Mayai yenyewe ya kuchomwa ni tiba.

#30 daktari_wa_zamu
#29 kama hana presha. Na yule mama wa kusugua kule ndani naye asimkandamize mgongo kwa magoti.

#31 Mgeni_Leo
Samahani wakuu, sijasoma zote. Leo hanuisa amenipima miguu, amesema nyonga imepinda sentimita moja. Amenipa ratiba ya mara 20. Nianze kesho?

#32 KasukuMzee
Karibu. Rudi #1, halafu #12, halafu #18. Ila kabla hujaenda huko: alivyokupima ulikuwa umevaa jinzi?

#33 Mgeni_Leo
Ndiyo. Umejuaje?